Kabla hujapanda Menengai kuomba, soma hii kwanza

Ukisimama Kenyatta Avenue katikati ya Nakuru ukatazama kaskazini, hutaona kitu cha kukushtua. Utaona mteremko mrefu wenye miti, nyumba za Milimani zikiupanda pole pole, kisha anga. Hakuna kilele. Kuna wanafunzi wanaomaliza muhula mzima mjini hapa wakidhani hicho ni kilima tu, cha kawaida kama vilima vingine.

Panda sasa. Ukifika ukingoni ardhi inaisha ghafla mbele ya viatu vyako. Chini yako kuna shimo la upana wa kilomita 12 kwa 8 hivi, ukubwa wa kilomita 90 mraba, limejaa mawe meusi ya lava na vichaka vya leleshwa, na hapa na pale mvuke mweupe unapanda bila haraka. Uko mita 2,278 juu ya usawa wa bahari, na jiji lote umeliacha mgongoni pamoja na ziwa lake. Mlima ulianza kujijenga miaka kama 200,000 iliyopita, ukatapika moto mwingi kiasi kwamba tumbo lake likabaki tupu, na paa likaporomoka ndani. Ndiyo sababu hauna kilele. Kilele kilianguka.

Wikendi, vijana wengi huja hapa kwa selfi na mahindi choma. Hiyo ni sawa. Lakini ukitulia kidogo utaona msafara mwingine kabisa ukikupita. Mama mwenye kitambaa cheupe kichwani, blanketi begani na mtungi wa maji wa lita tano. Wanaume wa Akorino na vilemba vyao. Kijana wa umri wako, Biblia ndani ya mfuko wa nailoni ili isilowe. Hawasimami kwenye ule mnara wa mbao unaoonyesha umbali wa miji ya dunia. Wanashika vijia vinavyoshuka upande wa ndani wa shimo, kuelekea mapangoni.

Kule kuna watu wanaoomba wakati huu unaposoma. Wengine wamekuja kwa siku moja, wengine wanalala huko siku kadhaa, na wametoka kaunti ambazo hata sauti ya matatu za Nakuru hazijui. Wa kanisa hili, wa kanisa lile, wasio na kanisa. Wanachoomba ukikisikia utakitambua: kazi, ndoa, mtoto, matokeo ya mtihani, visa, mtu aliye hospitalini, deni la mkopo wa simu. Mlima huu ndio ofisi ya malalamiko ya watu ambao ofisi nyingine zote ziliwaambia warudi kesho.

Na utakatifu wake haukuanza na makanisa. Karne ya 19, miaka ya 1870, vita kati ya koo za Wamaasai viliwamaliza Ilaikipiak, wakashindwa na Ilpurko. Simulizi ya hapa inasema wapiganaji wengi wa Ilaikipiak walisukumwa kutoka ukingoni wakaangukia ndani, na kwamba ule mvuke ni roho zao zinazotafuta njia ya kwenda juu. Jina lenyewe husemekana linatokana na neno la Kimaasai lenye maana ya wafu. Wakikuyu nao waliuita Kĩrĩma kĩa Ngoma, na hapo usidanganywe na Kiswahili ukadhani kuna ngoma zinapigwa: ngoma za Kikuyu ni mizimu. Kwa hivyo anayekuja na Biblia na babu aliyekataa kabisa kukanyaga huku wanakubaliana jambo moja, kwamba hapa si mahali pa kuchezea.

Umesikia pia zile hadithi za watu kupotea. Eti mtu alishuka kutafuta ng'ombe akazunguka siku mbili mahali pamoja. Eti kuna shamba zuri linaloonekana kwa mbali, ukilifikia halipo. Binafsi sihitaji mashetani ili niamini kwamba watu hupotea mle. Sakafu ya shimo ni mawe yaliyorundikana kama takataka za mjengo, leleshwa linakuzidi kimo, kila upande unafanana na mwingine, na ukungu au mvuke ukifunga hujui ukuta uko wapi. Halafu hakuna mto wala kijito. Mvua ikinyesha lava inainywa. Mtu aliyepotea hapo akiwa hajala tangu juzi ana tatizo kubwa kuliko mizimu. Na kingo zile zimeshaua. Watu wameanguka, wengine wakipiga picha tu.

Hebu kwanza tutoke Kenya kidogo. Juu ya jiji la Chiang Mai, kaskazini mwa Thailand, kuna mlima uitwao Doi Suthep, na juu yake hekalu la Kibuddha ambalo mapokeo yanasema lilianzishwa mwaka 1383. Ni mlima wa jiji lake kama vile Menengai ilivyo wa Nakuru. Lakini angalia mgeni anavyopokewa kule. Ngazi zaidi ya 300 zinakupandisha katikati ya nyoka wawili wa kuchongwa. Kabla ya kufika penye mnara wa dhahabu unavua viatu. Mabega na magoti yanafunikwa, la sivyo unapewa shuka. Watu huzunguka mnara kwa kufuata mkono wa kulia, kimya kimya, maua mkononi, na watawa wapo. Hata barabara ya kupanda huko ina historia yake: mwaka 1934 mtawa aitwaye Khruba Siwichai aliwaita watu waje kuichimba kwa kujitolea, wakaja kwa maelfu, na ndani ya miezi michache ya kufikia 1935 gari likaweza kupanda.

Menengai haina lolote kati ya hayo. Pale penye mandhari ya watalii kuna wauza vinyago, na msitu unasimamiwa na Shirika la Huduma za Misitu, KFS. Mapangoni hakuna ngazi, hakuna watawa, hakuna wa kukuambia uvue viatu au usivue, ukae saa ngapi, umsikilize nani. Mwenye pango ni aliyetangulia kufika. Uhuru huo ndio uzuri wa mahali hapa, kwa maana maskini haulizwi risiti ili aongee na Mungu wake. Lakini uhuru huo huo ndio unaonifanya niandike makala hii, kwa sababu kila kitu ambacho hekalu la Doi Suthep linamfanyia mgeni, hapa itabidi ujifanyie.

Anza na kufunga, maana wengi wanapanda kwa ajili hiyo. Hakuna anayekuzuia kufunga. Dini karibu zote zinafunga. Ila tazama jinsi zinavyofunga. Muislamu wa Bondeni anajinyima mchana kutwa mwezi wa Ramadhani, na jua likizama anafungua, na mgonjwa amesamehewa. Kuna mwanzo, kuna mwisho, kuna familia mezani. Kinachotisha ni ule mfungo wa mlimani usio na mwisho uliotajwa, kijana peke yake, hata maji hagusi, akingoja jibu. Njaa mwili unaweza kuivumilia kwa muda. Kiu haina masihara. Siku chache tu. Ukisimama ukaona kizunguzungu, ukikojoa mkojo wa rangi ya chai ya rangi au usikojoe kabisa, moyo ukidunda ukiwa umekaa, umeshavuka mpaka. Kunywa, na ushuke na mtu. Kumbuka kizunguzungu kile kinakupata ukiwa kwenye ukuta wa mawe. Na kama unatumia dawa za kila siku, za kisukari, za kifafa, za TB, ARV, usiziache nyumbani eti kuonyesha imani. Muulize daktari kabla ya kufunga, si baada.

Jambo dogo ambalo watu hawaambiwi: ukitoka kwenye mfungo wa siku nyingi, usishuke moja kwa moja kwenye nyama choma. Mwili uliokaa bila chakula ukijazwa ghafla unaweza kuvurugika vibaya, hata kuua. Uji mwepesi, kidogo kidogo, na kama siku zilikuwa nyingi pitia hospitali kwanza.

Sasa lile ambalo kila mzazi wa Nakuru analifikiria mtoto wake akisema anaenda mlimani. Aprili 2023 polisi walianza kufukua makaburi katika msitu wa Shakahola, Kaunti ya Kilifi. Miili zaidi ya 400 ikatolewa. Wapasuaji walikuta wengi walikufa kwa njaa, na baadhi, wakiwemo watoto, walikuwa na dalili za kunyongwa au kupigwa. Mhubiri Paul Mackenzie na wenzake walishtakiwa, wakakana. Menengai si Shakahola, na itakuwa dharau kubwa kuwaweka wale akina mama na mitungi yao kwenye kapu moja na yaliyotokea Kilifi. Lakini watu wa Shakahola nao hawakuanza kwa kufa. Walianza kwa kumsikiliza mtu mmoja tu, mbali na wote waliowajua.

Kwa hivyo ukimkuta mtu mapangoni aliyejipa uchungaji wa mlima, pima. Anataka umwachie simu yako? Anakukataza kuongea na nyumbani? Anasema maji ni udhaifu, dawa ni ukosefu wa imani, na jibu lako litachelewa mpaka utume kitu kwa M-Pesa? Anawataka wasichana walale upande wake wa pango? Hapo hakuna mjadala wa kidini wa kufanya. Chukua blanketi lako uondoke kukiwa bado na mwanga, na ukifika barabarani piga simu polisi, hata kama unaona aibu. Mwenye maombi ya kweli atakuombea ukiwa umeshika simu yako na chupa yako ya maji.

Haya, njia. Kutoka mjini mpaka ukingoni ni chini ya kilomita 10, kupitia Milimani kisha msituni. Bodaboda watakupeleka, patana bei kabla hujapanda, na panga naye kabisa atakavyokurudisha. Wengine hutembea, ni mazoezi mazuri, ila msitembee mkiwa mmoja mmoja. Fika asubuhi. Chukua maji zaidi ya unayodhani utahitaji, koti, maana usiku wa urefu ule ni baridi ya kuuma, na viatu vyenye meno, hasa msimu wa mvua ndefu vijia vinapokuwa sabuni. Mwambie mtu aliyebaki nyumbani uko upande gani na utarudi saa ngapi. Si lazima umwambie unaomba nini.

Ukifika kwa waombaji, punguza sauti. Spika ya bluetooth ibaki kwenye begi. Usipige picha ya mtu aliyefumba macho, hata kama mwanga umekaa poa kiasi gani kwa TikTok. Yule mama hakupanda milima ili machozi yake yawe maudhui yako. Usiandike jina lako kwenye jiwe, na hata mstari wa Biblia usiuandike, maana mwamba uliokaa miaka elfu nyingi hauhitaji kalamu yako ndiyo uwe mtakatifu. Moto ndio usiguse kabisa. Leleshwa lina mafuta, linawaka likiwa bado bichi, na msitu ule umeshaungua mara nyingi vya kutosha. Ganda la mshumaa, chupa, karatasi ya mkate: shuka navyo.

Na kabla hujageuka, angalia tena ule mvuke. Upande ule mwingine wa shimo utaona mabomba na barabara za vumbi. Kampuni ya serikali ya GDC ilianza kuchimba visima hapa mwaka 2011, na mtambo wa kwanza wa megawati 35 ukaanza kutoa umeme 2023. Mvuke ambao mababu waliuona ni roho sasa unachaji simu huko chini. Eburru, upande wa Naivasha, wenyeji wamekuwa wakiupoza mvuke kama huo na kupata maji ya kunywa miaka mingi kabla ya kampuni yoyote kufika. Sijaona mwombaji aliyekasirishwa na mabomba ya GDC. Wala sijaona mhandisi aliyethubutu kucheka mapango.

Saa kumi na moja jioni jua linaanza kugusa ukuta wa magharibi na shimo linajaa kivuli kuanzia chini kwenda juu. Huo ndio wakati wa watalii kushuka. Utapishana njiani na wanaopanda kulala. Wasalimie. Wengi watakujibu kwa jina la Bwana, na mmoja au wawili watakuuliza kama umebakisha maji.