Mshona Kola Ahesabiwe Wapi?

Katika orodha ya kazi za dunia inayotunzwa na Shirika la Kazi Duniani, ile inayoitwa ISCO-08, fundi cherehani ana namba yake: 7531. Anayeendesha cherehani kiwandani naye ana yake: 8153. Nilizikuta namba hizi nikitafuta jambo jingine kabisa, na tangu siku hiyo hazijanitoka.

Uzito uko kwenye tarakimu ya kwanza. Saba ni kundi la mafundi: seremala, mwashi, mchomeleaji. Nane ni kundi la waendesha mitambo na mashine. Kwa hiyo mama anayeshona magauni ya harusi barazani kwake Manzese amewekwa pamoja na waashi, na binti anayeshona mifuko ya jinzi katika kiwanda cha EPZ, eneo la uzalishaji wa bidhaa za kuuza nje, amewekwa pamoja na madereva wa malori na wa treni. Unaweza kucheka. Mimi nilicheka, mpaka nilipokutana na mtu aliyezifundisha kazi zote mbili.

Ni mkufunzi wa kiwanda kimoja cha nguo jijini Dar es Salaam. Jina ameomba lisiandikwe. Kiwandani wote wanamwita Madam. Kabla ya hapo alikuwa akifundisha ushonaji katika chuo cha ufundi, kwa hiyo habari hii haisimulii kwa kuambiwa.

Chuoni, anasema, mwanafunzi huanza na mwili wa mtu. Anapima bega, kifua, kiuno. Anachora, anakata, anaunga, anapinda, anatia vifungo. Mwisho anapimwa kwa nguo nzima iliyotundikwa mbele ya mwalimu. Kiwandani mwili wa mtu haupo. Kitambaa kimeshakatwa na watu wengine, tabaka nyingi kwa mkupuo mmoja, na hao wakataji nao wana namba yao, 7532. Kinachomfikia opereta ni fungu la vipande lililofungwa kamba. Kama kazi yake ni kola, atalifungua, atashona kola, atalifunga tena na kulisogeza kwa jirani. Kesho kola. Kesho kutwa kola. Mkono hautauona, wala pindo, na shati likikamilika litakuwa limeshafika upande wa pili wa ukumbi.

Halafu kuna mwendo. Cherehani ya kiwandani huweza kufikia mishono 5,000 hivi kwa dakika, wakati ya umeme ya nyumbani huishia kwenye 1,000 au pungufu. Madam anasema hapo ndipo wahitimu wazuri wa chuo wanapoumbuka. Mkono wao umefundishwa kusimama, kugeuza nguo, kuitazama, kufumua wasiporidhika. Tageti ya saa hairuhusu kutazama. Kwa uzoefu wake, msichana asiyewahi kushika sindano huizoea laini ya uzalishaji upesi kuliko mwenye cheti, kwa kuwa hana la kusahau. Alilisema hili kwa uchungu wa mwalimu.

Sasa rudi kwenye zile namba. Dodoso la ajira likifika ofisini kwao, anasimulia, kijana wa utumishi huandika neno moja kwa ukumbi mzima: mafundi cherehani. Hajadanganya, ndivyo wanavyoitwa na ndivyo wanavyojiita. Lakini atakayelipokea dodoso hilo na kulitia namba ataandika 7531, na watu wote wale watakuwa wamevuka kutoka kundi la nane kwenda la saba bila kunyanyuka kwenye viti. Mpangaji wa mkoa akifungua jedwali ataona ajira nyingi za mafundi cherehani. Atafanya nini? Atapendekeza chuo kiongeze darasa la ushonaji, la kupima bega na kiuno.

Orodha yenyewe pia ina mtego. ISCO hupanga kazi kwa ngazi nne za ujuzi, na makundi ya saba na nane yote yako ngazi ya pili. Anayetazama ngazi peke yake hataona tofauti kati ya aliyejifunza kutengeneza nguo nzima na aliyefundishwa hatua moja.

Fedha za kurekebisha haya zinakusanywa. Mwajiri mwenye wafanyakazi 10 au zaidi hulipa tozo ya kuendeleza ujuzi, SDL, iliyoshushwa mwaka 2023 kutoka asilimia 4 hadi 3.5 ya mishahara. Madam haelewi kwa nini kiwanda kilipe tozo hiyo kisha kimlipe na yeye kufundisha upya. Kuna hatua nzuri zimechukuliwa: mpango wa serikali wa kukuza ujuzi umewahi kuwapeleka vijana wajifunzie ndani ya kiwanda cha Tooku, Mabibo, kwenye mashine zenyewe.

Ila takwimu zikinyooka ndipo swali gumu linapoanza. Tuseme mkoa unajua kwa hakika kwamba viwanda vinataka 8153. Je, chuo kiache kufundisha nguo nzima? Soko la viwanda hivi limeegemea sana sheria ya Marekani ya AGOA ya mwaka 2000, inayoruhusu bidhaa za Afrika kuingia huko bila ushuru, iliyoongezewa miaka 10 mwaka 2015. Septemba 2025 muda huo uliisha kabla nyongeza nyingine haijapitishwa. Kiwanda kikifungwa, mshona kola anatoka na nini mkononi? Hawezi kufungua baraza la kushona kola. Nilimuuliza Madam. Alisema binti yake mwenyewe amemfundisha nguo nzima, nyumbani, jioni. Kuhusu mabinti wa wenzake hakunijibu.

Kwangu mimi, makundi haya mawili yahesabiwe mbalimbali, na chuo kifundishe nguo nzima kwanza, mwendo wa laini baadaye. Nawe ofisa utumishi unayesoma hapa: dodoso lijalo likikufikia, usilijazie mezani. Shuka ukumbini, umuulize kila mmoja anashona nini, uandike hicho.