Kambale wa kiangazi apasuliwe kabla ya kulipiwa

Wafanyabiashara wanaofuata kambale na perege katika maziwa ya Rutamba, Nambawala na Mitupa mkoani Lindi, au kwenye madimbwi yanayobaki kandokando ya mito Matandu na Mavuji huko Kilwa, wanajua kwamba samaki hao hupatikana kwa urahisi maji yanapopungua. Tenga hujaa mapema na bei hulegea. Kitu ambacho wengi hawakipigii hesabu ni vimelea.

Katika ukanda huu mvua huanza Novemba au Desemba na kuisha Aprili au Mei. Baada ya hapo maji hurudi nyuma na samaki husongamana sehemu moja na konokono, huku ndege kama mnandi, korongo na mwari wakifuata mlo wa bure. Minyoo inayoitwa kitaalamu Contracaecum hutaga ndani ya ndege hao. Mayai hutoka na kinyesi, lava humezwa na vijidudu vya majini, vijidudu huliwa na samaki, na samaki huliwa na ndege. Mnunuzi humkuta mnyoo huyu amejikunja katika tumbo la kambale. Mwingine, Clinostomum, lazima apitie kwa konokono kwanza, na huonekana kama punje za njano katika nyama ya perege au chini ya ngozi. Maji yakiwa machache na ya moto, kama yalivyo Oktoba, safari ya kutoka kwa konokono hadi kwa samaki huwa fupi.

Masika hutawanya wote. Mafuriko ya Januari 2020 yaliyoikumba Kilwa, na mvua za Aprili na Mei 2024 zilizoandamana na kimbunga Hidaya na kukata barabara ya Lindi kwenda Dar es Salaam, ni mifano ya maji yanayofungua madimbwi yote na kumpa samaki nafasi. Lakini msomaji asidhani samaki wa masika ni safi. Minyoo hii hudumu muda mrefu ndani ya samaki, na wapo vimelea wengine ambao huongezeka mvua zinaponyesha. Kambale mkubwa, ambaye ndiye mwenye bei, mara nyingi amejikusanyia mzigo wa misimu kadhaa.

Tuchukue mfano. Umenunua kilo 100 kwa shilingi 300,000, yaani 3,000 kwa kilo. Mteja akikataa kilo 10 baada ya kuona punje za njano, zile 90 zilizobaki zimekugharimu zaidi ya 3,330 kila kilo, kabla ya nauli na barafu. Faida ya bei ya kiangazi imeliwa. Dawa yake ni kupasua samaki wachache katika kila tenga kabla ya kupatana bei, kisha kutoa matumbo papo hapo badala ya kungoja kufika mjini.

Kiafya, samaki aliyeiva vizuri hana tatizo. Nyuzi joto 60 kwa angalau dakika moja huua minyoo ya aina hii, na kubanika kwa moshi wa moto kunafika huko. Barafu ya kawaida haiui. Friza inayogandisha kwa nyuzi 20 chini ya sifuri kwa siku 7 inaua. Hata hivyo mteja hanunui kwa kipimajoto, ananunua kwa macho. Kati ya 1997 na 1999 samaki wa Ziwa Victoria walifungiwa soko la Ulaya zaidi ya mara moja kwa hofu ya bakteria, kipindupindu na sumu. Minyoo haikuhusika, ila waliokuwa na mzigo wakati ule wanaelewa hofu ya mnunuzi inagharimu nini.

Mwekezaji wa bwawa ana hatari yake. Vifaranga vya kuokota ziwani mwezi Septemba ni vya bure, lakini huja na minyoo midogo ya kwenye mashavu ambayo haihitaji konokono wala ndege. Katika bwawa lenye msongamano huambukizana moja kwa moja. Rutamba yenyewe imeshaingiziwa sato, ambaye amezaliana na perege wa asili, kwa hiyo hata mbegu anayoipata hapo si ya kuaminika. Bwawa likaushwe mpaka udongo upasuke, litiwe chokaa na kusafishwa nyasi za ukingoni, ambako konokono hujificha.