Kutembea kwa Miguu katika Pori la Swagaswaga

Wakazi wa Dodoma waijua sana barabara iendayo kaskazini mpaka Kondoa, lakini ni wachache waliopata kuiacha na kuelekea magharibi, katika Pori la Akiba la Swagaswaga, lililo katika wilaya za Kondoa na Chemba. Kwa kuwa walimu kadha wa kadha wametaka kujua mambo ya huko, twaeleza hapa machache.

Kwanza yafaa ijulikane ya kuwa pori la akiba si mahali pa kuingia kila atakaye. Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori, Na. 5 ya mwaka 2009, yakataza mtu kuingia bila kibali, tena yakataza kulisha mifugo humo. Mgeni hutembea pamoja na askari mwenye bunduki. Zamani mkubwa wa kazi hii aliitwa Bwana Nyama, nasi twalipenda jina hilo kuliko majina marefu ya siku hizi.

Wakati mwema ni kiangazi, tangu Juni hata Oktoba. Miti hupukutika, nao wanyama hufuata maji machache yaliyosalia. Tembo haoni vema, walakini hunusa ajabu. Kwa hiyo askari wetu alichukua majivu katika kitambaa, akayatikisa kila mara apate kujua upepo uendako. Asubuhi moja majivu yaligeuka ghafula kuwaelekea tembo majike na watoto wao. Mikonga ikainuliwa. Askari hakusema neno, alituonyesha kwa mkono tu, nasi tukarudi nyuma polepole, mioyo ikitudunda.

Lakini lililotushangaza zaidi ni jambo la ndege mdogo. Nchi iliyo kati ya mito Bubu na Mponde ni ya Wasandawe, ambao kwa asili ni wawindaji na warina asali, na mzee wao mmoja alifuatana nasi. Huyu alitufundisha habari za mlembe, ndege aongozaye watu mpaka penye nyuki. Mlembe ataka nta na majana, wala hawezi kufungua mzinga uliomo mtini. Mtu ana moto na shoka. Basi husaidiana. Wataalamu walipima jambo hili huko Niassa, Msumbiji, wakatangaza mwaka 2016 ya kuwa mrina asali aitaye kwa mwito wa Wayao huongozwa mara 66 katika 100, ambapo kwa sauti nyingine ni mara 33 tu. Tena mwaka 2023 ilijulikana ya kwamba mlembe wa nchi ya Wahadzabe huitikia zaidi mluzi wa Wahadzabe, na yule wa Niassa mwito wa Wayao. Maana yake, ndege hujifunza lugha ya wenyeji wake. Tulimwuliza mzee kama wajukuu wake waujua mwito. Akajibu kwamba wawili wako shuleni, na mmoja ana pikipiki.

Akapiga mluzi. Haukupita muda mrefu mlembe akaja, akilia na kurukaruka kutoka mti hata mti, mpaka kwenye mbuyu wenye tundu, na nyuki wakiingia na kutoka. Mzee akautazama sana. Kibali chetu kilikuwa cha kutembea, si cha kurina. Tukaondoka, na yule ndege akatufuata kitambo kirefu akiendelea kulia.