Je, Kipo Chakula Kisicho na Kalori?

Wapo wanaoamini kuwa tango na letusi huutoza mwili nguvu nyingi wakati wa kusagwa kuliko nguvu zinazopatikana ndani yake, hivyo kadiri mtu alavyo ndivyo apunguavyo uzito. Ukweli ni kwamba chakula cha namna hiyo hakipo. Gramu 100 za tango zina kalori zipatazo 15, na kulisaga hakuzimalizi zote. Kisicho na kalori kabisa ni maji.

Vipi kuhusu vinywaji vilivyoandikwa "sifuri"? Nchini Marekani, bidhaa yenye kalori chini ya 5 kwa kipimo kimoja huruhusiwa kuandikwa hivyo. Aidha, Mei 2023 Shirika la Afya Duniani (WHO) lilishauri vitamu mbadala wa sukari visitumiwe kama njia ya kudhibiti uzito, ingawa ushauri huo haukuwahusu watu ambao tayari wana kisukari.

Basi tuache matango? La hasha. Yana maji mengi na hujaza tumbo kwa kalori chache. Tukumbuke tu kwamba kijiko kikubwa kimoja cha mafuta katika kachumbari huongeza kalori zipatazo 120.

Hatari ipo kwa anayeshindia matango matupu, akaacha maharage, samaki na mayai. Huyo huunyima mwili protini, na misuli yake hupungua pamoja na mafuta. Mjamzito, mama anayenyonyesha na mtoto anayekua wasithubutu. Matango tuyale pamoja na chakula, si badala ya chakula.