Kuatamia Mayai: Misemo ya Ujana na Uzee katika Njia ya Tabora

Katika kila lugha wazee wana maneno yao ya kuwasema vijana, na vijana wana yao ya kuwajibu. Misemo ya namna hii ni migumu kufasiri kuliko inavyodhaniwa, kwa kuwa maana yake haimo katika maneno peke yake, bali imo pia katika jambo lile wazee wanalolitaka kwa vijana wao. Mfano ulio wazi unapatikana Tabora, katika njia kuu ya misafara iliyotoka Bagamoyo, ikapita Unyanyembe, hata ikafika Ujiji ufukoni mwa Ziwa Tanganyika.

Richard Burton, Mwingereza aliyefika Kazeh katika nchi ya Unyanyembe mwezi wa Novemba 1857 pamoja na John Speke, alieleza katika kitabu chake cha mwaka 1860 kwamba Wanyamwezi waliihesabu kazi ya upagazi kuwa kipimo cha uanaume. Hata watoto wa miaka sita au saba walibebeshwa pembe ndogo begani, wapate kuizoea. Kijana asiyesafiri alisemwa kwa methali: yeye ameketi kibandani, anaatamia mayai.

Burton aliiandika methali hiyo kwa Kiingereza, kisha akaifananisha na maneno ya Shakespeare, ambayo maana yake ni kwamba vijana wakaao kwao huwa na akili zisizovuka kizingiti. Kwa juu juu misemo hii miwili ni ndugu. Kwa undani yaachana. Shakespeare asema habari za akili: msafiri huelimika. Mnyamwezi asema habari za uanaume, maana kuatamia ni kazi ya kuku jike. Tena kuna faida iliyokusudiwa. Mpagazi alirudi na nguo na shanga, akaweza kuoa na kuwa na mji wake. Basi aliyeatamia mayai hakupungukiwa akili. Alipungukiwa mali na jina. Kiswahili nacho kina “tembea uone,” usemi ulio karibu na ule wa Shakespeare kuliko ule wa Wanyamwezi.

Lakini Kiswahili hicho hicho chasema, “Mtembezi hula miguu yake.” Je, kijana asafiri au asisafiri? Jibu lategemea ni nani asemaye, na wakati gani. Askari vijana wa Mtemi Mirambo wa Urambo, aliyefariki mwaka 1884, waliitwa rugaruga. Kwa wenye misafara jina hilo lilikuwa la kutisha. Kwa kijana aliyetafuta sifa lilikuwa la fahari.

Reli ilifika Tabora mwaka 1912, na Kigoma mwaka 1914. Mizigo ya njia kuu ikashuka mabegani ikapanda garini. Vijana hawakuacha kusafiri: wengi walikwenda kukata mkonge kwa mkataba, wakaitwa manamba, na wengine waliingia mijini. Hapo ndipo lawama ilipogeuka. Neno mhuni, ambalo lina maana pia ya mtu asiyeoa, lilitumiwa sana mijini kumtaja kijana azururaye bila kazi wala makao. Mwaka 1944 serikali ya Tanganyika ilitunga sheria ya kuwaondoa mijini watu iliowaona hawatakiwi. Hivyo, katika muda usiofika miaka mia, mguu uliosifiwa kwa kutoka nyumbani ukashutumiwa kwa kutoka nyumbani. Vijana walifanya jambo lile lile la wazazi wao. Kilichobadilika ni haja ya wakubwa.

Jambo hili lamhusu sana mfasiri na mwalimu. Waingereza humsema kijana asiye na uzoefu kwamba bado ana maji nyuma ya masikio. Yakifasiriwa neno kwa neno, msikilizaji atadhani kwamba kijana huyo ametoka kuoga. Kiswahili kina njia yake: mzee “amekula chumvi nyingi,” na kijana bado hajaila. Msemo huu waeleweka vyema Tabora, maana chumvi ya Uvinza, iliyo kwenye njia ya Ujiji, ilikuwa bidhaa kubwa ya nchi hizo. Lakini hata hapa yafaa kuangalia: mzee akijisema amekula chumvi, anadai heshima, kijana akimsema hivyo mbele ya wenzake, huenda anamtania.

Kwa hiyo, kabla ya kuufasiri msemo wowote wa ujana na uzee, hapana budi kuuliza mambo matatu: nani asema, anamsema nani, na anataka afanye nini. Asiyeuliza hayo ataweza kuyapata maneno yote sawasawa, na bado akamsifu yule aliyekuwa akilaumiwa.