Kisanduku cha MIDI na Mwangwi mu Kapela



Tangu kwaya ianze kutumia kile kisanduku cha butoni nane, maneno ni mengi. Wadogo wetu wa madarasa ya chini wanasema: «Ile mashini njo inaimba pahali pa kwaya.» Wale wanaoketi nyuma wanalalamika kwamba mwangwi unameza Neno: msomaji wa Biblia amekwisha kufika mstari wa pili, na wa kwanza ungali unazunguka kwa ukuta. Hawa wa nyuma wako na haki. Lakini wengine wanataka kisanduku kiondolewe kabisa, na mbele ya kufika huko inafaa tujue kinafanya kazi gani.

Mu waya wake hamna sauti hata kidogo. Kunapita hesabu tu. Ukizungusha butoni, kinatuma habari fupi ya sehemu tatu: kwanza kwamba kuna badiliko, na ni mu njia gani kati ya njia 16, halafu namba ya jambo linalobadilishwa, mwisho kipimo chake, toka 0 mpaka 127. Sauti yenyewe inatoka kwa mikro na kuingia mu kompyuta, na programu ya kompyuta ndiyo inayotengeneza mwangwi. Kisanduku ni sawa vile mwongozaji wa kwaya: anainua mkono, yeye mwenyewe haimbi.

Mapatano hayo ya hesabu yalianzishwa na Dave Smith wa Marekani na Ikutaro Kakehashi wa Japani, kusudi vinanda vya viwanda mbalimbali visikilizane. Mu Januari 1983 kinanda cha Sequential kiliunganishwa na kile cha Roland mbele ya watu, vikaelewana. Namba 7 ilipewa ukubwa wa sauti, namba 91 mwangwi. Habari moja kupita kwa waya wa zamani inachukua karibu sehemu moja ya elfu ya sekunde, ndiyo maana mkono na sikio vinaenda pamoja.

Hatari iko wapi? Zaidi iko kwa butoni ya marudio, ile inayofanya neno lisemwe tena na tena. Kipimo cha marudio kikipita 100 kwa 100, kila neno linarudi na nguvu kuliko lililotangulia, mpaka bafle zipige kelele na hata kuharibika. Programu inakubali tuweke mpaka: butoni ifike mwisho, lakini marudio yasipite nusu. Tena kuna kuruka. Programu iko kwa 20, butoni imesimama kwa 110. Ukiigusa tu, sauti inaruka mara moja na mama wazee wanashtuka. Programu nyingi ziko na dawa: butoni inanyamaza mpaka ipite pale sauti ilipo, ndipo inashika. Na kuran ikikatika, bafle zinakufa, lakini kompyuta iko na betri na kisanduku kinakula kwake. Anayechezea butoni gizani anabadilisha mambo bila kusikia. Mikono mbali mpaka jenereta iwake!

Basi mwangwi uwe kwa mikro za kwaya tu. Mikro ya msomaji na ya mhubiri isipewe hata kidogo. Hilo linaweza kufanywa Jumapili hii bila franka moja.

Lakini kuna lingine. Anayeshika butoni anaketi kando ya bafle, juu ya sababu waya wa USB haupaswi kupita metre 5. Pale hawezi kusikia kile wanachosikia wa nyuma. Kisanduku chetu kiko pia na tundu la mviringo la pini tano, na waya wa namna hiyo unaruhusiwa mpaka metre 15, pamoja na kiunganishi kidogo upande wa kompyuta. Metre 15 zinafika mpaka benchi za katikati. Tumekwisha kupeleka ombi kwa Mkuu wa masomo, na tunangoja jibu mbele ya ibada ya kufunga mwaka.