Manowari za Maji Haba

Maji ya Kilombero yanayopita Ifakara huenda kukutana na Luwegu, yakawa Rufiji, kisha yakamwagikia Bahari ya Hindi katikati ya mikoko. Ndani ya mikoko hiyo alijificha Mjerumani mwaka 1914 na manowari yake, Königsberg, baada ya kuizamisha Pegasus ya Waingereza bandarini Unguja mwezi Septemba.

Waingereza walileta meli kubwa kuziba midomo ya mto, ila kuingia hazikuweza. Königsberg yenyewe, tani 3,400, ilitaka zaidi ya mita 5 za maji.

Hapa ndipo Arkimedi anapoingia. Zaidi ya miaka 2,200 iliyopita Mgiriki huyo aligundua kwamba chombo huzama mpaka maji kinayoyasukuma kando yalingane uzito na chombo chenyewe. Wandamba wanaovuka Kilombero kwa mitumbwi wanalijua hilo bila kitabu: magunia yaleyale ya mpunga yanayokaribia kuuzamisha mtumbwi mwembamba, ule mpana huyabeba na bado ukingo wake uko juu. Uzito ukitandazwa, kina hupungua.

Manowari Severn na Mersey, zilizotumwa kuifuata Königsberg, zilijengwa kwa hesabu hiyo. Brazili ndiyo iliyoziagiza, kwa ajili ya mito ya Amazon, Uingereza ikazinunua vita vilipoanza. Zilikuwa na tani zipatazo 1,260 kila moja na upana wa mita 15, lakini hazikufikisha hata mita 2 chini ya maji. Baharini kitako bapa kama hicho ni balaa, hivyo zilivutwa na meli nyingine kutoka Malta. Mwindaji Pieter Pretorius alikuwa ameshatumwa kuchungulia delta na kupima kina cha mikondo.

Tarehe 6 Julai 1915 zilipiga, zikapigwa, zikarudi. Wapiga mizinga hawakuweza kuiona shabaha nyuma ya miti. Tarehe 11 zilirejea, na ndege iliyotoka kisiwani Mafia iliwaelekeza kwa redio kila kombora lilipoangukia. Ilidunguliwa, na mtazamaji wake akaendelea kutuma masahihisho huku ndege ikishuka. Königsberg iliharibika vibaya, mabaharia wake wakailipua wenyewe.

Kwangu mimi, manowari ndogo ya kisasa ilizaliwa siku ile: chombo chepesi kinachoongozwa na jicho lililo angani. Mwaka 1967 boti za Misri ziliizamisha Eilat ya Israeli kwa makombora, na tangu 2022 Ukraine imeitikisa Urusi katika Bahari Nyeusi kwa boti zisizo na mtu ndani. Kwetu boti za doria huwafuata wavuvi haramu na wasafirishaji wa dawa za kulevya, ambao wanaweza kujificha katika vijito vya mikoko.

Sasa Bwawa la Julius Nyerere linanasa sehemu ya tope la Rufiji lililokuwa likishuka hadi deltani, na mikondo ile itabadilika. Kabla ya kuagiza boti nyingine, tupime kina upya.